Dawa Ipo, Lango Limefungwa

Hotuba iliyosomwa bwaloni na mmoja wa wanafunzi wa zamani, daktari mstaafu, siku ya mkutano wetu wa mwaka



Ndugu Katibu aliponiandikia kwamba niseme machache juu ya kazi ya udaktari, alinipa onyo moja tu: nisizidishe nusu saa, maana baada yangu ni chakula. Nami nilikaa katika bwalo hili miaka minne nikiisikilizia kengele ya chakula, kwa hiyo namwelewa vizuri sana. Nitasema jambo moja. Nalo ni hili: kuwa na dawa ni jambo moja, na kuifikisha dawa pale ugonjwa ulipo ni jambo jingine. Katika mwili wa binadamu hakuna mahali ambapo tofauti hiyo inaonekana wazi kama katika ubongo. Siku hizi wako wataalamu wanaojaribu kuifikisha dawa huko kwa kuiamsha mishipa ya fahamu kwa umeme mdogo. Nitaeleza wanafanyaje, wamefika wapi, na wapi hawajafika.

Lakini nianze hapa hapa shuleni.

Mwaka 1974 nilikuwa kidato cha tatu. Mwenzetu mmoja wa bweni letu, ambaye yumo humu bwaloni na ameniruhusu kumsimulia ila si kumtaja jina, alirudi kutoka likizo ya Desemba, na haukupita muda akashikwa na homa. Kwao ni upande wa Urambo, na likizo yote alikuwa porini na baba yake wakitundika mizinga. Alipewa klorokwini, kama tulivyopewa sote kwa kila homa. Homa ikapoa, kisha ikarudi. Kufika mwezi Machi akaanza kusinzia. Alisinzia darasani, akasinzia kwenye gwaride akiwa amesimama, akasinzia na kijiko cha uji mkononi. Usiku, sisi tulipolala, yeye alikuwa macho. Tulimpachika jina la utani ambalo leo sitalirudia, naye akapewa adhabu ya kufyeka nyasi kwa kosa la uvivu. Siku moja alianguka na fyekeo mkononi, ndipo akapelekwa hospitali.

Mimi nilitumwa kumsindikiza, nikakaa naye mpaka baba yake alipofika, na baada ya hapo nikawa naenda kumtazama kila Jumamosi. Mganga aliyemtibu alikuwa mtu mzima, mpole, asiyeona taabu kumweleza mtoto. Alitoa tone la damu, akanionyesha kwenye hadubini vijidudu vinavyopinda kama viluwiluwi kati ya chembe za damu. Ilikuwa malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Kisha akachoma sindano mgongoni na kutoa maji ya uti wa mgongo. Humo pia aliviona.

Nilimwuliza, "Mzee, dawa ipo?"

Akajibu, "Mwanangu, katika kabati lile ziko dawa mbili. Ya kwanza inasafisha damu vizuri, lakini haiingii kichwani, na wadudu hawa wamekwisha kuingia kichwani. Ya pili inaingia, ila imetengenezwa kwa aseniki."

"Aseniki si sumu?"

"Ni sumu. Tusipompa, atakufa. Tukimpa, huenda akapona."

Kitanda cha pili kutoka mlangoni alilala mzee mmoja mrina asali, mwenye ugonjwa huo huo, akitibiwa kwa dawa hiyo hiyo. Alikuwa akitutania sisi wanafunzi kwa Kinyamwezi, tukacheka hata tusiojua maana. Jumamosi ya pili nilipokwenda, godoro lake lilikuwa limekunjwa. Alishikwa na degedege baada ya sindano, akafa. Mwenzetu alipona, akarudi shuleni muhula uliofuata, akafanya mtihani pamoja nasi.

Baadaye, katika masomo yangu, nilisoma kwamba dawa ile, melasoprolo, ilianza kutumiwa mwaka 1949, na kwamba katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa nayo, karibu 5 waliuawa na dawa yenyewe. Wauguzi walioitoa walijua hivyo, na waliitoa, kwa kuwa hapakuwa na nyingine ya kuingia kichwani na kumaliza kazi. Swali nililomwuliza mganga siku ile lilinifuata miaka yote: "Mzee, kwani damu haifiki kichwani?" Alinijibu, "Damu inafika. Mzigo uliobebwa na damu ndio unaozuiwa mlangoni."

LANGO LENYEWE

Ndugu zangu, mlango huo upo kweli, na habari ya kugunduliwa kwake inawafaa vijana walio hapa. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Paul Ehrlich, aliingiza rangi katika damu ya wanyama. Viungo vyote vilishika rangi isipokuwa ubongo na uti wa mgongo. Ehrlich alikuwa mtu mwenye akili kubwa, lakini hapa alitoa maelezo yasiyo sahihi: alidhani ubongo hauipendi rangi ile. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, ndiye aliyeyajaribu maelezo ya mwalimu. Mwaka 1913 alichukua rangi ya buluu akaiingiza moja kwa moja katika maji yanayouzunguka ubongo. Safari hii ubongo ukawa buluu kabisa, na mwili uliobaki haukushika rangi. Basi ikajulikana kwamba ubongo unashika rangi vizuri sana. Iko boma kati yake na damu. Vijana, mwalimu akikosea, mheshimu, kisha fanya jaribio.

Boma hilo si ukuta mmoja mahali pamoja. Liko katika kila mshipa mwembamba wa damu ndani ya ubongo. Vijishipa hivyo, vikiungwa ncha kwa ncha, vinakadiriwa kufika kilomita 600 katika kichwa kimoja, ambayo ni safari ndefu kuliko kutoka Dodoma mpaka Dar es Salaam. Mahali pengine mwilini, seli zinazojenga kuta za vijishipa zina nafasi kati yao, na dawa hupenya kama maji yanavyopenya kwenye tenga. Katika ubongo, seli hizo zimeshonwa pamoja. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Reese na Karnovsky, waliutazama mshono huo kwa hadubini ya elektroni, wakaona kwamba ndio unaozuia. Tena ndani ya seli zenyewe mna pampu zinazokamata vitu vigeni vilivyokwisha kuingia na kuvirudisha katika damu.

Ni nini basi kinachopita? Vitu vidogo vyenye kuyeyuka katika mafuta hupita vyenyewe. Pombe hupita, kahawa hupita, tumbaku hupita. Ndiyo maana athari zake mtu huzisikia upesi. Sukari na viini vya protini hupita kwa kubebwa, maana ubongo unavihitaji na umeviwekea wachukuzi. Molekuli kubwa hubaki nje. Na hapa nirudi kwenye kabati la yule mganga. Dawa ya kwanza aliyoitaja ni suramini, inayotumiwa tangu miaka ya 1920. Hiyo ilizaliwa katika ukoo wa rangi zile zile za akina Ehrlich na Goldmann. Rangi ilikomea mlangoni, na mjukuu wake naye alikomea mlangoni. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza niliweka kitabu chini, nikamkumbuka yule mzee mrina asali.

Msije mkadhani lango hili ni adui. Lisingekuwapo, kila mlo, kila homa na kila sumu ndogo vingeuvuruga ubongo. Bawabu wetu huyu anatulinda kila saa. Tatizo lake ni kwamba hatambui daktari. Dawa nyingi mno zinazofanya kazi vizuri katika chupa ya maabara hazina faida kwa uvimbe wa kichwani, au kwa mgonjwa wa kusahau, kwa kuwa haziruhusiwi kuingia.

KUBISHA HODI KWA NJIA NYINGI

Watu wamejaribu njia kadhaa. Njia ya kwanza ni kuipa dawa sura ya kitu kinachoruhusiwa. Mgonjwa wa Parkinson, yule anayetetemeka mikono na kukakamaa, amepungukiwa na kemikali iitwayo dopamini. Ukimpa dopamini yenyewe, haiingii ubongoni. Lakini mwaka 1961, mjini Vienna, Birkmayer na Hornykiewicz walitumia levodopa, ambayo hubebwa na wachukuzi wa viini vya protini, na ikisha kuingia hugeuzwa kuwa dopamini. Wagonjwa waliokuwa hawawezi kuinuka waliinuka.

Njia ya pili ni kulifungua lango kwa nguvu. Tangu miaka ya 1970 walijaribu kuingiza maji mazito ya sukari iitwayo manitoli katika mshipa mkubwa wa shingoni. Seli hunywea, mshono ukaachia kwa muda. Inafanya kazi, ila mgonjwa sharti alazwe usingizi, na wengine hupata degedege.

Njia ya tatu ni mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio. Mgonjwa hudungwa mapovu madogo mno katika damu, na mawimbi yakielekezwa sehemu moja ya ubongo, mapovu hutikisika na kuachanisha mshono mahali hapo tu. Mwaka 2015 madaktari wa Toronto, Kanada, walifanya hivyo kwa mgonjwa mwenye uvimbe wa ubongo bila kupasua fuvu. Lango hujifunga lenyewe katika muda wa siku moja hivi.

Njia ya nne ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko huu.

FUNDO LILILO NYUMA YA PUA

Nyuma kabisa ya pua, juu ya kaakaa, ndani ya mfupa, liko fundo dogo la mishipa ya fahamu, moja kila upande. Hamjaliona, lakini mmelitumia. Kila aliyekuwa zamu jikoni akamenya vitunguu vya shule nzima analijua kwa matendo yake: machozi yale hutoka kwa amri inayopitia katika fundo hilo. Kamasi za mwenye kula pilipili pia. Na yule anayekunywa kitu baridi kwa pupa, akashika paji la uso kwa maumivu, madaktari wameyapa maumivu yake jina la fundo hilo hilo.

Lakini kazi yake haiishii kwenye machozi. Nyuzi nyingine kutoka katika fundo hilo hupanda mpaka kwenye mishipa mikubwa ya damu ya ubongo. Nyuzi hizo zikiamshwa, hutoa kemikali zinazolegeza ukuta wa mshipa, nao mshipa hupanuka na damu hupita kwa wingi. Wataalamu walijiuliza: tukiamsha fundo hili kwa umeme, je, lango nalo litalegea?

Mwaka 2004 watafiti wa Haifa, Israeli, wakiongozwa na David Yarnitsky, walitoa jibu lao katika jarida la upasuaji wa ubongo. Waliamsha fundo hilo kwa umeme katika wanyama wa maabara, na molekuli kubwa, ambazo kwa kawaida hubaki nje, zikaonekana ndani ya ubongo. Umeme ulifanya kazi ya ufunguo. Hebu fikirini maana yake. Hakuna kupasua fuvu, hakuna kunywesha seli kwa sukari. Dawa inatiwa katika damu kama kawaida, unafungua lango kwa kubonyeza swichi, dawa inaingia, unazima.

Naona vijana wa mchepuo wa sayansi wamekaa wima. Kaeni hivyo hivyo, maana sasa nafika mahali pa kuwa waangalifu.

Kilichotokea baadaye si kile kilichotarajiwa. Kifaa kilitengenezwa, kidogo, chembamba, cha kuingizwa kupitia tundu la asili lililo kwenye kaakaa mpaka karibu na fundo, bila kupasua kichwa. Lakini kazi kubwa iliyofanywa nacho kwa binadamu haikuwa ya kupeleka dawa. Ilikuwa ya kiharusi. Hoja yao ilikuwa rahisi: ikiwa fundo hili linapanua mishipa ya damu, basi huenda likaokoa sehemu ya ubongo iliyonyimwa damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Wagonjwa 1000, kifaa kikawashwa kati ya saa 8 na saa 24 baada ya kiharusi, kwa saa 4 kila siku, siku 5 mfululizo. Nusu yao hivi walipata umeme wa kweli, na waliobaki waliwekewa kifaa kisichofanya kazi, nao hawakujua nani kapata nini.

Baada ya miezi mitatu, katika waliopata umeme, 49 katika kila 100 walikuwa na hali nzuri kuliko ilivyotarajiwa. Katika wasiopata, walikuwa 45. Tofauti hiyo ni ndogo. Inaweza kutokea kwa bahati tu. Lakini kwa wale ambao kiharusi kiligusa gamba la nje la ubongo, ilikuwa 50 dhidi ya 40, na hilo halipuuzwi kirahisi. Kwa hiyo jibu la uaminifu ni: kwa wote, haikuthibitika, kwa baadhi, pana dalili. Nawaomba vijana myashike maneno hayo. Mtafiti aliyetumia miaka 15 ya maisha yake juu ya jambo moja, halafu akachapisha kwamba halikuthibitika kwa wote, ametenda kazi ya heshima kuliko mwenye kutangaza miujiza.

Uko pia mshipa mwingine wa fahamu ambao ni mrefu kuliko huo. Unatoka chini ya ubongo, unashuka shingoni mpaka moyoni na tumboni. Madaktari huuita vagasi. Tangu mwaka 1997 Marekani imeruhusu kifaa cha kuuamsha mshipa huo kwa wagonjwa wa kifafa ambao dawa peke yake haiwatoshi, na tangu mwaka 2005 kwa wenye huzuni kubwa isiyotibika kwa njia nyingine. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison waliuamsha mshipa huo katika panya baada ya kutia rangi katika maji yanayouzunguka ubongo. Rangi ilipenya ndani ya ubongo zaidi kuliko pasipo umeme. Angalieni, hapa lango la damu halikuguswa. Kilichosaidiwa ni mwendo wa maji ndani ya boma lenyewe. Na hilo lina maana, kwa sababu dawa ikisha kuvuka lango ina safari nyingine mbele yake. Inaweza kukwama pale pale ilipoingilia, kama lori la mahindi linalofika wilayani likakosa njia ya kwenda vijijini.

TUSIFUNGUE TUSICHOJUA KUKIFUNGA

Sasa niwaambie yale ambayo watu wenye bidhaa ya kuuza hawawaambii.

La kwanza: mpaka leo hakuna tiba iliyoidhinishwa inayotumia umeme wa mishipa ya fahamu kupitisha dawa ubongoni. Yako matokeo ya wanyama, na liko wazo zuri. Kutoka kwa panya mpaka kwa mtu ni mwendo mrefu, na wengi huishia njiani. Akitokea mtu na kibanio cha sikioni chenye betri, akasema kitaifikisha dawa ya mama yako kichwani, mwambie akuonyeshe matokeo ya wagonjwa, si picha ya kifaa.

La pili: lango likifunguliwa, halichagui. Dawa inapoingia, na protini za damu zinaweza kuingia, na wadudu ikiwa wamo. Protini ambazo katika damu hazina madhara yoyote, zikimwagika katika ubongo zinaweza kuleta uvimbe na hata kifafa. Tena mgonjwa wa kiharusi, au mwenye uvimbe, lango lake limekwisha kuharibika mahali fulani, na haifai kuliongezea ubovu bila kipimo. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya kila mbinu ya namna hii lina sehemu nne: linafunguka kiasi gani, sehemu gani, kwa muda gani, na nani amehakikisha kwamba limefungwa?

La tatu: hata mlango ukifunguka, lazima iwepo dawa yenye kufaa upande wa pili. Mwaka 2024 madaktari wa Marekani walichapisha habari za wagonjwa watatu wa ugonjwa wa kusahau ambao walipewa dawa ya kingamwili, na lango likafunguliwa kwa mawimbi ya sauti katika sehemu fulani za ubongo. Pale palipofunguliwa, uchafu unaoandamana na ugonjwa huo ulipungua kuliko pale pasipofunguliwa. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini wagonjwa watatu ni watatu, na kupungua kwa uchafu hakumrudishii mtu kumbukumbu ya majina ya wanawe mara moja. Njia ya mishipa ya fahamu bado iko nyuma ya hapo. Nasema hivyo bila kuidharau. Kingamwili na vimeng'enya ni molekuli kubwa mno, haziwezi kupunguzwa mpaka zijipenyeze zenyewe. Kwa dawa za namna hiyo tutahitaji lango linalofunguka kwa kiasi, na ufunguo ambao mwili wenyewe unao tayari, nyuma ya pua, ni wa kuchunguzwa kwa makini.

MALALE YALIVYO LEO

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anatazama saa yake. Nirudi kwa mwenzetu, kisha nimalize.

Wakati watu wengine walikuwa wakitafuta namna ya kufungua lango, wengine waliendelea kutafuta dawa inayopita yenyewe. Mwaka 2005 taasisi ya DNDi, inayoshughulikia magonjwa yaliyosahauliwa, ilipekua orodha za dawa za zamani, ikaikuta moja iliyotengenezwa na kampuni ya Hoechst ya Ujerumani na kuachwa. Jina lake ni feksinidazoli. Ni molekuli ndogo, inamezwa, inaingia katika damu, na inavuka mpaka ubongoni. Majaribio makubwa yalifanywa Kongo, penye malale ya aina inayokwenda polepole, na mwaka 2018 dawa ikaidhinishwa kwa aina hiyo. Kwa aina yetu ya Afrika Mashariki, ile kali iliyompata mwenzetu, majaribio yalifanywa Malawi na Uganda, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika mwongozo wake. Tangu mwaka 2018 wagonjwa wa ile aina ya Kongo na Afrika Magharibi wanaoandikishwa kwa mwaka wamekuwa chini ya 1000, kwa nchi zote pamoja.

Kijana wa kidato cha tatu akirudi leo kutoka likizo na ugonjwa ule, akagunduliwa mapema, atameza vidonge kwa siku 10. Hatapewa aseniki. Sharti moja kubwa la dawa hiyo ni kwamba imezwe pamoja na chakula, la sivyo haiingii mwilini vya kutosha. Nadhani Ndugu Katibu atalifurahia sharti hilo.

Lakini atagunduliwa mapema endapo wenzake watatambua. Hilo ndilo langu la mwisho, na nawaambia hasa ninyi mlio katika mabweni. Sisi tulikuwa na mwenzetu aliyeugua mbele ya macho yetu kwa majuma kadhaa. Tulimwona akisinzia na kijiko mkononi, tukacheka. Dawa ilikuwapo katika kabati lile muda wote, hata ile ya kwanza, isiyo na aseniki, ambayo ingetosha kama angefikishwa kabla wadudu hawajavuka boma. Kilichomnyima dawa isiyo na aseniki ni sisi, kabla hata ya lango la ubongo. Mwenzenu akibadilika, akilala mchana na kukesha usiku, akichukia mwanga, akisahau, akianguka, msimpe jina la utani. Mpelekeni.

Na wale kati yenu mtakaoingia katika maabara siku moja, mkakutana na hilo fundo lililo nyuma ya pua au na mlango mwingine ambao sisi hatukuujua, naomba mkumbuke kwamba ng'ambo ya mlango ule alikuwako mzee mmoja wa Kinyamwezi aliyependa utani. Alikufa kwa sababu dawa iliyokuwa salama haikuweza kupita, na ile iliyopita haikuwa salama. Kazi iliyobaki ni hiyo, nayo bado haijamalizika.

Rafiki yangu niliyemsimulia ameketi safu ya tatu, mvi zimemjaa. Nimemwona akisinzia mara mbili nilipokuwa nikisema. Safari hii nimemchunguza: ni hotuba tu.